Mountains of the Moon (filamu)

Mountains of the Moon (maana yake "Milima ya Mwezi") ni filamu ya kihistoria ya mwaka 1990 iliyoongozwa na Mmarekani Bob Rafelson. Inahusu safari ya Waingereza Richard Francis Burton na John Hanning Speke, ambao kati ya miaka 1857 na 1859 walifuata njia ya misafara kutoka pwani hadi Kazeh (leo Tabora) na Ujiji wakitafuta chanzo cha mto Nile. Patrick Bergin anaigiza kama Burton na Iain Glen kama Speke.

Filamu imetokana na riwaya Burton and Speke ya William Harrison, iliyotolewa mwaka 1982, na pia maandishi ya wasafiri wenyewe. Kwa hiyo ni mfano mzuri wa swali linaloulizwa kuhusu kila filamu iliyotokana na kazi nyingine: je, inaweza kuwa nzuri bila kufuata chanzo chake?

Jina

"Milima ya Mwezi" ni jina la kale lililotumiwa na mwanajiografia Ptolemaio kwa milima aliyodhani kuwa chanzo cha Nile. Burton na Speke walilihusisha na Unyamwezi. Leo jina hilo hutajwa zaidi kuhusu milima ya Ruwenzori.

Utengenezaji

Harrison na Rafelson waliandika muswada wa filamu pamoja. Sehemu za Afrika zilipigwa picha nchini Kenya, na nyingine Uingereza. Mpiga picha mkuu alikuwa Roger Deakins. Paul Onsongo aliigiza kama Sidi Mubarak Bombay, Delroy Lindo kama Mabruki na Fiona Shaw kama Isabel, mke wa Burton. Roshan Seth aliigiza kama Ben Amir, mfanyabiashara Mwarabu.

Filamu na historia

Mambo mengi katika filamu yanalingana na kumbukumbu. Shambulio la Berbera la mwaka 1855, ambapo mkuki ulipenya mashavu ya Burton, lilitokea kweli. Hata mdudu aliyeingia sikioni mwa Speke anatajwa na Speke mwenyewe. Ugomvi wa marafiki hao wawili pia ni wa kweli: Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo wao uliopangwa kufanyika mjini Bath.

Tofauti kubwa inahusu njia yenyewe. Katika filamu wasafiri wanaangukia mikononi mwa mfalme katili aitwaye Ngola, ambaye ni mhusika wa kubuniwa. Katika historia, wasafiri walifika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857 wakakaa zaidi ya mwezi mmoja, kwa sababu wapagazi Wanyamwezi walikuwa wamefika kwao na ilibidi kutafuta wengine. Mwenyeji wao alikuwa Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Oman, ambaye pia alimsaidia Burton kukusanya maneno ya lugha za bara.

Waliporudi kutoka Ziwa Tanganyika, Burton alibaki Kazeh. Speke alikwenda kaskazini pamoja na Bombay, akaliona ziwa aliloliita Viktoria tarehe 3 Agosti 1858, na kurudi tarehe 25 mwezi huohuo. Habari za ziwa hilo zilikuwa zimejulikana tayari kwa wafanyabiashara wa Kazeh.

Hivyo ucheleweshaji mkubwa njiani ulisababishwa na homa, hongo kwa watemi, upungufu wa nguo na shanga za kulipia chakula, na mapatano na wapagazi. Mambo haya hayavutii sana kwenye skrini kuliko mfalme katili, lakini ndiyo yaliyoendesha safari.

Bombay naye anaonekana hasa kama msaidizi. Katika historia alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akapelekwa Uhindi kama mtumwa. Alizungumza na Speke kwa Kihindustani. Baadaye alisafiri pia na Stanley, na pamoja na Cameron alivuka bara zima hadi Atlantiki.

Mapokezi

Wachambuzi wengi waliisifu filamu kwa uigizaji na upigaji picha, lakini haikupata mapato makubwa. Nguvu yake iko katika urafiki wa Burton na Speke na jinsi ulivyovunjika. Katika jambo hilo inakaribia vyanzo vyake sana, hata pale inapobadilisha matukio. Kama picha ya Unyamwezi wa karne ya 19 ina upungufu: mji wa biashara uliowapa wageni chakula, watu na habari unachukua nafasi ndogo kuliko ufalme usiokuwepo.

Njia hiyo ya misafara iliwekwa mwaka 2006 katika orodha ya majaribio ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kwihara, karibu na Tabora, kuna makumbusho katika tembe la Livingstone.

Tazama pia

Tabora
Sidi Mubarak Bombay
Ujiji
Wanyamwezi