Mla Nawe na Mzaliwa Nawe

Wahenga walisema, mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Wastaafu wengi wanaujua uchungu wa methali hii. Siku ya kuagwa kazini ukumbi hujaa na zawadi hutolewa. Miaka michache baadaye simu hunyamaza, na waliosoma pamoja huonana msibani tu. Hata hivyo, historia inatupa mfano wa watu ambao hawakuzaliwa tumbo moja, lakini walikula pamoja hadi uzeeni.

Mwaka 1829 kundi la vijana lilihitimu katika Chuo cha Harvard, mjini Cambridge, ng'ambo ya mto kutoka Boston, nchini Marekani. Miongoni mwao alikuwamo Oliver Wendell Holmes, aliyekuja kuwa daktari, mwalimu wa anatomia na mwandishi mashuhuri. Walikuwamo pia Samuel Francis Smith, mchungaji wa Kibaptisti na mtunzi wa nyimbo. James Freeman Clarke, mchungaji wa Kiunitariani. Benjamin Peirce, mwanahisabati. Benjamin Curtis, aliyefika kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Na Samuel May, mchungaji aliyejitoa kupigania watumwa waachwe huru.

Darasa hili lilijiwekea desturi ya kukutana kila mwaka kwa chakula. Kuanzia mwaka 1851 Holmes aliwaandalia wenzake shairi karibu kila mwaka. Katika shairi la mwaka 1859, walipokuwa wamefikia umri wa miaka hamsini hivi, aliwaita wote wavulana, akamtania Smith kwa jina lake ambalo Wamarekani wengi wanalo. Mezani pale daktari, jaji na mchungaji walikuwa tena vijana wa darasa moja.

Tusidhani kwamba walipatana katika kila jambo. Holmes alikuwa mwana wa mchungaji wa Kikalvini, lakini aliyaacha mafundisho ya baba yake akajiunga na Waunitariani, ambao hawakiri Utatu. Smith alibaki mhubiri wa Kibaptisti na mtu wa misheni maisha yake yote. Suala la utumwa lilikuwa gumu zaidi. Mwaka 1850 nchi yao ilipitisha sheria ya kuwarudisha kwa mabwana zao watumwa waliotoroka. Curtis aliitetea sheria hiyo. May aliipinga kwa nguvu zake zote. Kisha mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, mahakama iliamua kwamba watu weusi hawawezi kuwa raia. Kati ya majaji tisa, wawili tu walipinga, na mmoja wao alikuwa Curtis. Mwaka huohuo alijiuzulu. Miaka minne baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza.

Darasa halikuvunjika. Wala urafiki wa shuleni haukumfanya May anyamaze juu ya dhambi ya utumwa. Hapa tunajifunza kwamba kudumu katika ushirika si kukubaliana na kila kitu, wala si kuficha ukweli ili meza iwe na amani.

Uzee ulipofika, viti vilianza kubaki wazi. Curtis alifariki mwaka 1874, Peirce 1880, Clarke 1888. Holmes alistaafu ualimu mwaka 1882, baada ya miaka 35. Mwaka 1888 mkewe alifariki. Mapema, mwaka 1878, alikuwa ameandika shairi juu ya yule atakayebaki wa mwisho katika darasa lao. Hata hivyo aliendelea kuwaandikia wenzake mpaka mwaka 1889, yaani miaka sitini tangu wahitimu. Alifariki mwaka 1894. Mwaka uliofuata Smith naye alifariki akiwa na umri wa miaka 87, akiwa safarini kwenda kuhubiri.

Ni nini kilichowashikilia? Mapenzi peke yake hupoa. Walikuwa na siku iliyojulikana, chakula kwenye meza moja, na mtu aliyejua kwamba mwaka huu pia ni lazima aje na kitu mkononi.

Mtume Paulo naye, akiwa mzee kifungoni, alimwandikia Timotheo amletee joho lake na vitabu, na akamsihi ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi. Hakuona aibu kusema kwamba anahitaji mtu. Naye alitaja wakati, kwa sababu alijua kwamba neno "siku moja" halimfikishi mgeni mlangoni.

Wapendwa, methali yetu haikukosea. Ila sisi tuliobatizwa tumezaliwa mara ya pili, na kisima chetu ni kimoja. Yule tuliyesoma naye chuo cha ualimu, cha uuguzi au cha Biblia, ambaye sasa magoti hayamruhusu kufika ibadani, si mla nawe tu. Ni mzaliwa nawe. Basi tumpigie simu wiki hii, tupange naye siku, na siku hiyo twende. Tusingoje tangazo la msiba ndipo tuanze kuulizana nyumbani kwake ni wapi.