Socorro, 1964: Dhana ya Helikopta ya Kijeshi

Jioni ya tarehe 24 Aprili 1964, askari polisi Lonnie Zamora wa mji wa Socorro, jimbo la New Mexico nchini Marekani, aliacha kulifukuza gari lililokuwa likienda kasi baada ya kusikia ngurumo na kuona moto angani, akidhani kwamba kibanda cha baruti kilichokuwa karibu kimelipuka. Alipofika juu ya kilima aliona bondeni chombo cheupe chenye umbo la yai kilichosimama kwa miguu, na kando yake watu wawili waliovaa mavazi meupe. Punde chombo hicho kikanguruma, kikatoa moto chini yake, kikapaa na kutokomea bila sauti. Sajini wa polisi ya jimbo aliyewasili baadaye kidogo alikuta vichaka vilivyoungua na alama nne zilizodidimia ardhini.

Shauri hilo lilichunguzwa na Project Blue Book, yaani mpango wa Jeshi la Anga la Marekani wa kufuatilia vitu visivyotambulika angani, ambao hadi ulipofungwa mwaka 1969 ulikuwa umekusanya taarifa 12,618, na 701 kati ya hizo, pamoja na hii ya Socorro, zikabaki bila maelezo.

Dhana ya helikopta ilitokana na ujirani wa Socorro na White Sands, eneo kubwa la kijeshi la kujaribia makombora, ambamo bomu la kwanza la atomiki lililipuliwa mwaka 1945. Kumbukumbu za eneo hilo zinaonyesha kwamba siku ileile kulipangwa majaribio ya Surveyor, chombo kisicho na rubani kilichoundwa ili kutua mwezini, kikiwa kimebebwa na helikopta ndogo aina ya Bell. Maelezo haya yana uzito, kwa kuwa yanaleta pamoja chombo chenye miguu, wahudumu wachache na siku yenyewe, bila kumlazimu mtu kumwita Zamora mwongo.

Hata hivyo, majaribio hayo yalipangwa kufanyika asubuhi, ilhali Zamora aliona chombo chake saa kumi na mbili kasoro jioni. Surveyor ilikuwa na miguu mitatu, ilhali alama zilikuwa nne. Tena helikopta huinuliwa na rafadha, yaani mapanga yanayozunguka juu yake, ambayo hayawezi kunyamaza ikiwa ingali angani.

Kwa hiyo helikopta inastahili kuhesabiwa kuwa dhana yenye msingi, wala si jibu lililothibitishwa. Mwanahistoria mwadilifu hana budi kupima kila maelezo kwa ushahidi wote, ule unaoyaunga mkono na ule unaoyapinga, kwani kutotambulika kwa chombo si uthibitisho kwamba kilitoka nje ya dunia, na kuwapo kwa kambi ya jeshi jirani si uthibitisho kwamba kilitoka humo.