Watandika Vitanda wa Nevada

Wengi wetu tuliofika Marekani tulianzia hotelini au jikoni. Tumetandika vitanda, tumeosha vyombo, tumebeba masinia, na nyumbani tukasema kwa mkato kwamba tunabeba boksi, ili maswali yaishe. Kazi hizi tunaziita za kupita tu, na anayezifanya miaka 20 tunamwonea huruma. Kabla ya kumhurumia, tulitazame jimbo moja ambako kazi hizihizi zimenunua nyumba na kusomesha watoto.

Jimbo hilo ni Nevada. Mwaka 1931 liliruhusu kamari, na mwaka huohuo ujenzi wa bwawa kubwa la Hoover ukaanza karibu na Las Vegas. Baada ya Vita Kuu ya Pili, hoteli za kasino zilijipanga kando ya barabara iitwayo Strip. Mpaka leo, karibu kazi moja katika kila nne au tano za Nevada iko katika hoteli, migahawa na starehe.

Walioanza kuzifanya kazi za chini walikuwa wageni kama sisi, ijapokuwa walizaliwa Marekani. Katika miaka ya 1940 Wamarekani weusi walitoka vijiji kama Tallulah, Louisiana, na Fordyce, Arkansas, wakikimbia dhiki ya mashamba. Las Vegas iliwapa ufagio na sinki la vyombo. Hawakuruhusiwa kula wala kulala katika hoteli walizozisafisha. Hata waimbaji weusi waliojaza kumbi za Strip walirudi kulala mtaa wa Westside. Mwaka 1955 ilifunguliwa Moulin Rouge, hoteli iliyowapokea watu wa rangi zote, lakini haikumaliza mwaka. Machi 1960, daktari wa meno James McMillan, kiongozi wa NAACP mjini humo, alitangaza kwamba wataandamana. Tarehe 26 wenye hoteli wakakubali kufungua milango kwa wageni weusi. Kazi nzuri zilichelewa zaidi, hadi mahakama ya shirikisho ilipoingilia kati mwaka 1971.

Mlango ukishafunguka, linabaki suala la mshahara. Hapo ndipo kilipoingia chama cha wafanyakazi kiitwacho Culinary, tawi namba 226, kilichoanza mwaka 1935. Mmoja wa viongozi wake alikuwa Hattie Canty, mzaliwa wa Alabama. Mumewe alifariki mwaka 1975 na kumwachia watoto wengi wa kulea. Akaenda kutandika vitanda hotelini, na mwaka 1990 wenzake wakamchagua kuwa rais wa tawi, mwanamke mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Katika uongozi wake ulizuka mgomo wa hoteli ya Frontier. Wafanyakazi wapatao 550 walitoka nje tarehe 21 Septemba 1991, wakasimama mlangoni kwa zamu, mchana na usiku, jua na baridi. Walirudi kazini tarehe 1 Februari 1998, baada ya hoteli kupata mmiliki mwingine. Ni zaidi ya miaka 6, na hakuna hata mmoja wao aliyewasaliti wenzake akarudi kazini. Mwaka 1993, mgomo ukiendelea, chama na hoteli nyingine walikuwa wameanzisha chuo cha kufundisha kazi, ili mwosha vyombo aweze kuwa mpishi.

Hatusemi kwamba Nevada ni peponi. Jimbo linalotegemea wageni hulia wageni wasipokuja. Baada ya Septemba 2001 maelfu walipunguzwa kazini. Machi 2020 kasino zote zilifungwa kwa sababu ya korona, na Aprili karibu watu 3 katika kila 10 wa nguvu kazi ya jimbo hawakuwa na kazi. Lakini waliojipanga walikuwa na pa kushika: mwaka 2021 ikapitishwa sheria iliyowataka waajiri wa sekta hiyo wawaite kwanza waliopunguzwa. Novemba 2023 kampuni kubwa za Strip zilikubali mkataba wa miaka 5, wenye nyongeza ya takriban asilimia 32 na sharti la vyumba kusafishwa kila siku. Sharti hilo si dogo. Chumba kikiachwa siku tatu, uchafu wa siku tatu humngojea mtu mmoja, na saa za kazi za wenzake hupungua.

Shuka zinazotandikwa Las Vegas ni zilezile zinazotandikwa katika miji tunayoishi. Tofauti imo katika mkataba, na mkataba huo ulidaiwa na watu walioacha kuiona kazi yao kuwa aibu. Basi kijana wetu akija kesho na kupata kazi ya hoteli, tusiishie kumuuliza analipwa dola ngapi kwa saa. Tumuulize vyumba vingapi kwa siku, bima ya afya ipo au haipo, na hoteli ikifungwa ataitwa tena au atasahauliwa. Kisha tumuulize kama wenzake wana chama, na kama hawana, ni nani wa kuanza naye mazungumzo.