Hiari Yashinda Utumwa: Funzo la Timu kutoka Kilwa na Ruangwa

Timu inapofungwa mfululizo, viongozi wake hutoa tamko lile lile: wachezaji waonyeshe umoja. Matamko ya aina hiyo nimeyasikia pia vyuoni na katika ofisi za umma, nami kama mwalimu wa historia hujiuliza: je, umoja huagizwa? Historia ya Kilwa na Lindi inanijibu kwamba la.

Tuanze na Umatumbi, katika vilima vya Kilwa. Kuanzia mwaka 1902, serikali ya Kijerumani chini ya Gavana von Götzen ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja. Wanakijiji walilima kwa zamu, chini ya maakida na viboko, kwa malipo duni, huku mashamba yao ya chakula yakikosa mikono. Kwa macho ya mtawala huo ulikuwa ushirikiano: shamba moja, ratiba moja, mazao mamoja. Lakini hapakuwa na mkulima aliyeweza kusema kwamba pamba ile ni yake.

Julai 1905, huko Nandete, watu wale wale waliingia katika shamba lile lile na kuing'oa pamba. Ujumbe wa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe ulikuwa umewapa lengo walilolichagua wenyewe. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Agosti mwaka huo, ila vita havikufa naye. Vilienea kwa Wangindo, Wapogoro, Wambunga na Wangoni, watu wasiokuwa na mtawala mmoja. Maji, hata hivyo, hayakuzuia risasi. Makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa, ni kati ya 75,000 na 300,000. Kwa hiyo sisemi kwamba lengo la pamoja linatosha bila maandalizi. Ninachosema ni kwamba bila lengo hilo watu hufanya kazi bega kwa bega pasipo kuwa timu.

Zaidi ya karne moja baadaye, mkoa huo huo wa Lindi ulitoa mfano wa amani. Namungo FC ya Ruangwa ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019 na, katika msimu wake wa kwanza, ikamaliza ya nne. Agosti 2020 ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Sumbawanga, ikafungwa na Simba 2–1, lakini ikapata nafasi ya kuiwakilisha nchi Afrika. Februari 2021 ilisafiri hadi Luanda kuikabili Primeiro de Agosto. Wanne katika msafara wakakutwa na maambukizi ya korona, mechi ikaahirishwa, na michezo yote miwili ikahamishiwa Dar es Salaam. Aliyeifundisha msimu uliotangulia, Hitimana Thierry, hakuwapo tena. Benchi lilikuwa la Hemed Suleiman 'Morocco'. Namungo ilishinda 6–2, ikafungwa 3–1 katika marudiano, na kuingia hatua ya makundi. Huko ilishika mkia. Hata hivyo, timu iliyobadilisha kocha na kupita katika taharuki ile isingefika hapo kama kilichoiunganisha kingekuwa sauti ya mtu mmoja tu.

Hapa ndipo penye mtihani. Uwanja wa nyumbani wa Namungo unabeba jina la Kassim Majaliwa, mbunge wa zamani wa Ruangwa aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2015 hadi 2025. Ufadhili wa wakubwa si dhambi, lakini vyeo hupita. Timu itakayobaki ni ile ambayo muuza korosho wa Ruangwa anaiita yetu hata asipokuwapo mkubwa jukwaani.

Neno hilo, yetu, halipatikani kwa hotuba. Hupatikana mchezaji wa akiba anapoelezwa kwa nini hakupangwa, hesabu za viingilio zinapowekwa wazi, na kosa linapojadiliwa bila kumtafuta wa kutolewa kafara. Mtumishi wa umma anayepeleka mradi kijijini na mwanaharakati anayeita maandamano nao wanadaiwa hayo hayo. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Kabla ya kuwaagiza watu washikamane, tuwaulize kwanza kama shamba tunalowaitia ni lao.