Theluthi ya Mpwa

Ibn Battuta alipotia nanga Kilwa mwaka 1331, alimkuta Sultani Hassan bin Suleiman, aliyesifika kwa utoaji kiasi cha kuitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi. Msafiri huyo anasimulia kuwa sultani alitenga khumsi, moja ya tano, ya ngawira, na fungu la masharifu akaliwekea hazina yake peke yake. Masharifu walitoka Iraq na Hijazi kuja kuchukua haki yao. Hassan akafa, nduguye Daudi akakalia kiti. Maskini akija kuomba, Daudi alimjibu kuwa mtoaji keshakufa, na hakuacha cha kutolewa. Wageni walingoja kwa miezi, wakaambulia kidogo, mwisho wakaacha kubisha hodi.

Hazina ilikuwapo, ila ilimtegemea aliyeshika ufunguo. Sheria ya Kiislamu ilikuwa na dawa ya ugonjwa huo, nayo ni wakfu. Mwenye shamba, nyumba au kisima huifunga mali isiuzwe, isirithiwe wala kutolewa zawadi, kisha humteua mutawalii wa kuisimamia. Mapato huenda kwa aliyetajwa: msikiti, chuo, maskini, au kizazi chake mwenyewe. Kwa desturi ya pwani mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwingine, hivyo hata minazi michache iliweza kuwekwa wakfu bila kugusa kiwanja. Wakili wa Kiingereza angeiita mali ya udhamini, kana kwamba ameleta jambo jipya.

Ukitoka bandarini Lindi ukaelekea Mitwero, nje kidogo ya mji, mambo yanakuwa mazito zaidi. Huku ni nchi ya Wamwera, na majirani zao Wamakonde, Wayao na Wamakua, na wote hawa kwa asili huhesabu ukoo kwa mama. Mwanamume akifa, mali yake hufuata wapwa, watoto wa dada yake. Wanawe wa kuzaa ni wa ukoo wa mama yao, na huko ndiko wanakotazamiwa kurithi, kwa mjomba wao. Baada ya Vita vya Maji Maji, vya 1905 hadi 1907, Uislamu ulienea upesi katika vijiji vya kusini, na faraidhi, sheria ya Kiislamu ya mirathi, ikaja na hesabu nyingine kabisa. Mwana wa kiume hupata mafungu mawili ya binti, mke mwenye watoto hupata thumuni, na mpwa wa kwa dada hapati kitu maadamu watoto wapo.

Hapo mtu angedhani mjomba na mpwa wake wameachanishwa. Lakini sheria hiyohiyo inamruhusu mtu kuusia hadi theluthi ya mali yake kwa asiyekuwa mrithi, na mpwa, kwa kuwa si mrithi, anaingia hapo barabara. Chukua mfano wa mzee mwenye minazi 72. Madeni na gharama za mazishi zikishalipwa, anaweza kumwachia mpwa minazi 24. Inabaki 48. Mke huchukua sita. Wana wawili, 12 kila mmoja. Mabinti watatu, sita kila mmoja. Hakuna upande uliotoka mikono mitupu, mradi mzee ameusia angali hai na mbele ya mashahidi. Akinyamaza, kila upande huja na sheria yake na kikao cha arobaini hugeuka baraza la kesi.

Wakoloni hawakuurahisisha mzigo. Mwaka 1894 Privy Council ya London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, ikiamua shauri la Bengal, ilitangua wakfu wa kizazi uliowaachia maskini fungu la mbali mno. Uamuzi huo ukavuka bahari. Zanzibar ilitunga sheria ya kuhalalisha wakfu za namna hiyo mwaka 1946, Kenya ikafuata 1951, na hata mwanzoni mwa miaka ya 1950 shauri la familia moja ya Mombasa lilikwama London kwa hoja ileile. Majaji waliuona ujanja wa kukwepa urithi pale ambapo mwanachuoni yeyote wa Lamu angeona sadaka kwa jamaa, ambayo dini inaitanguliza.

Baada ya uhuru, Tanganyika ilichapisha kanuni za urithi na wosia wa kimila, Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, zilizotokana na kazi ya Hans Cory, mtafiti wa mila wa serikali ya kikoloni. Zilitungwa kwa makabila ya ukoo wa baba. Kusini ya wapwa haikuandikiwa zake. Masharti ya wosia katika kanuni hizo, hata hivyo, yana busara. Wosia wa mdomo unataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wa maandishi, kwa anayejua kusoma, wawili: mmoja wa ukoo, mmoja mtu baki.

Siku hizi mali ya Lindi ni mikorosho na viwanja, na wakazi wa Likong'o wameshalipwa fidia ya ardhi kupisha mradi wa gesi asilia. Mwenye shamba huku aandike wosia wake kwa wino, awaite mashahidi wa ukoo wa mama pamoja na wa upande wa watoto, na nakala aipeleke RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambako wosia hupokelewa na kutunzwa.