Mnyama aliyeumia uti wa mgongo na suala la saa za steroidi

KATIKA Kaunti ya Machakos, inakopita barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa, si jambo geni mbwa au punda kugongwa na gari na kushindwa kusimama kwa miguu ya nyuma.

Wapo wafugaji ambao hukimbilia duka la dawa za mifugo kuulizia sindano ya steroidi, wakiamini kwamba ikidungwa mapema mnyama atainuka.

Imani hiyo ina chimbuko. Uti wa mgongo huumia mara mbili: kwanza kwa pigo lenyewe, kisha, katika saa zinazofuata, kwa uvimbe, upungufu wa damu na kemikali zinazoharibu utando wa seli za neva. Jeraha la kwanza ni maji yaliyomwagika. Tiba hulenga la pili.

Majaribio yaliyofanyiwa paka nchini Marekani miaka ya 1980 yalionyesha kuwa methilprednisoloni, miligramu 30 kwa kila kilo ya uzani, ilipunguza uharibifu huo ilipotolewa mapema, na nguvu yake ilififia kadiri muda ulivyosonga. Mwaka 1990, utafiti kuhusu binadamu uliweka mpaka wa saa nane, nao madaktari wa mifugo wakaufuata.

Hata hivyo, ushahidi huo ulikosolewa baadaye. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya jaribio la mbwa 63 waliopooza ghafla kwa kuchomoza kwa visahani vya mgongo, na ambao walikuwa wamepoteza hisia za maumivu kwa muda usiozidi saa 24. Waliopewa dawa hiyo hawakupona kuliko wasiopewa. Mwongozo wa wataalamu wa Marekani wa mwaka 2022 haupendekezi itumiwe kama desturi kwa mbwa wa aina hiyo.

Madhara nayo si haba. Steroidi huweza kusababisha vidonda vya tumbo, hasa zikichanganywa na dawa za kutuliza maumivu, na deksamethasoni huweza kumfanya ng'ombe mwenye mimba kubwa kuzaa kabla ya wakati.

Linalofaa ni kumlaza mnyama juu ya ubao, kumfunga asijigeuze, kutomvuta kwa miguu wala kumlazimisha kusimama, na kumwita daktari wa mifugo aliyesajiliwa bila kukawia.

Daktari atapima iwapo miguu ya nyuma ingali na hisia za maumivu. Ikiwa nazo, matumaini ya kupona ni makubwa zaidi. Mwenye mnyama amweleze saa ya ajali na kila dawa iliyokwisha kutolewa.