Kumkinga mtoto mchanga na baridi ya theluji

Kaskazini mwa Marekani, kama Minnesota, theluji inaweza kuanza Oktoba. Mtoto mchanga hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima.

- Mvishe nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, na kofia.
- Ndani ya gari, mvue koti zito kabla ya kumfunga mkanda wa kiti chake. Gari likigonga, koti hubonyea, mkanda hulegea na mtoto anaweza kuchomoka. Mfunike blanketi juu ya mkanda.
- Usiku, asilale na blanketi wala mto hadi atimize mwaka 1. Vinaweza kumziba pumzi. Mvishe nguo ya kulalia yenye joto.

Ngozi yake ikiwa nyekundu na ya baridi, naye amelegea, piga simu 911 mara moja.